Mtoto wa Nyoka ni Nyoka: Jinsi Serikali za Kikomunisti Zilivyowatoza Watoto Maneno ya Wazazi Wao

Hapa kwetu Tanzania, ukiwa na shida ya kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu yako polisi, utaambiwa kalete barua ya serikali ya mtaa. Unakwenda kwa mjumbe, anakujua, anathibitisha kwamba wewe ni mkazi wake na huna rekodi mbaya, unagongewa muhuri, yameisha.

Sasa chukulia barua hiyo haikuhusu wewe. Inamhusu mwanao wa miaka 14 anayetaka kwenda sekondari. Huonyeshwi kilichoandikwa. Mwandishi wake hajishughulishi sana na akili za mtoto. Anaeleza kama wewe mzazi ulitokea kwenye maandamano ya Mei Mosi, kama ulitundika bendera dirishani siku ya sikukuu, na unawaza nini kuhusu chama. Wiki kadhaa baadaye jibu linakuja: mtoto hakuchaguliwa, nafasi zimejaa. Mtoto huyo alikuwa wa kwanza darasani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Chekoslovakia, nchi ya Ulaya ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki na Slovakia, katika miaka ya 1970, na sijatia chumvi. Kamati za chama za mtaa zilikuwa na sauti katika maombi ya shule, kama vile mwajiri wa mzazi na mwalimu mkuu walivyokuwa na sauti. Karatasi hizo zote ziliingia kwenye faili moja, na faili lilimtangulia mtoto kila alipokwenda.

Naandika haya kwa sababu kila mjadala wa ukomunisti unapofufuka mitandaoni, mambo huchanganywa kama uji wa nafaka kumi. Mmoja anasema kule watu wote walisoma bure na kutibiwa bure, malalamiko ni propaganda za Wamarekani. Wa pili anasema ukomunisti ni ujamaa uleule wa Mwalimu, kwa hiyo ukiukosoa umemtukana Nyerere. Wa tatu anasema waliokiona cha moto walikitafuta wenyewe, maana asiye na kosa hakuguswa. Huyu wa tatu ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu waliolipa gharama kubwa walikuwa watoto, na mtoto wa miaka 14 hajatafuta chochote.

Kuna wazee wetu pia. Tangu 1961 hadi 1974 Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, ulikuwa na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichoanzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa nje, Waafrika wakiwa wengi miongoni mwao. Mwanafunzi wa Kiafrika alipewa masomo, posho na bweni, na aliporudi nyumbani alisimulia kwa shukrani. Hakudanganya. Alikuwa mgeni, na mgeni hukaribishwa sebuleni. Zanzibar nayo iliitambua Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na magorofa ya Kikwajuni na Michenzani bado yamesimama kama kumbukumbu ya misaada ile. Wahandisi wale walikuja kweli, na magorofa wakajenga kweli. Lakini tunazungumzia chumba cha ndani, ambako mgeni hakufika.

Maneno tuyaweke sawa kwanza

Ukomunisti kwa nadharia yake unasema viwanda, mashamba na migodi viwe mali ya wote, na matabaka ya matajiri na maskini yatoweke. Kwa vitendo, katika nchi za Ulaya Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili, ulikuwa na maana ya chama kimoja kushika kila kitu. Hapo ndipo pa kushika vizuri, maana bila hilo hutaelewa mengine yote. Serikali ilikuwa karibu mwajiri pekee. Ilikuwa mwenye shule, mwenye gazeti, mwenye mahakama, mwenye mpaka. Ukikorofishana na muuza duka wa mtaani kwako, utavuka barabara uende kwa mwingine. Mtaa mzima ukiwa na duka moja, na mwenye duka ndiye mwenye nyumba unayopanga na ndiye mwalimu wa wanao, ugomvi wako naye utakulaza njaa wewe na watoto. Hakuna haja ya kukupiga.

Je, huo ndio ujamaa wetu? Hapana, ingawa viliazimana mambo. Katika andiko lake la 1962 Mwalimu Nyerere alikataa waziwazi kuanzia kwenye vita vya matabaka. Yeye alianzia kwenye jamaa, yaani ukoo unaobebana. Sisemi kwetu kulikuwa peponi. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka huohuo wa 1962, na chama kilikuwa kimoja hadi 1992. Ila mfumo wa kumhukumu mtoto kwa faili la babu yake, wenye fomu zake na ofisi zake, ni kitu kingine, na tutakielewa vizuri tukikitazama kwao kilikozaliwa.

Neno la pili ni mpinzani. Kwetu mpinzani ana chama, ana bendera, ana mgombea ubunge. Chekoslovakia ilikuwa na vyama vingine kwa jina, lakini vyote vilifungwa kamba moja chini ya Chama cha Kikomunisti na havikuruhusiwa kushindana nacho. Mpinzani ninayemzungumzia hapa ni mtu wa kawaida, mwalimu, mwanahisabati, kasisi, mwanamuziki, aliyesema hadharani kwa jina lake jambo ambalo majirani zake walilisema jikoni kwa kunong'ona. Mara nyingi hakuwa na mpango wa kupindua chochote.

Watu zaidi ya 240 na sheria ya serikali yenyewe

Mfano mzuri kuliko yote ni Mkataba wa 77. Nchi za Magharibi na za Kikomunisti zilikutana Helsinki mwaka 1975 na kukubaliana, pamoja na mambo mengine, kuheshimu haki za binadamu. Mwaka 1976 Chekoslovakia ikaingiza mikataba ya kimataifa ya haki hizo katika sheria zake na kuichapisha. Januari 1977 watu zaidi ya 240 wakatoa waraka ulioitwa Mkataba wa 77, unaosema jambo moja jepesi: tekelezeni sheria mliyoichapisha. Wasemaji wao wa kwanza walikuwa mwanafalsafa Jan Patočka, mwandishi wa tamthilia Václav Havel na Jiří Hájek, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyohiyo ya Kikomunisti.

Waraka ule ulitaja shule. Ulilalamika kwamba vijana wengi wananyimwa masomo kwa sababu ya mawazo yao, au hata mawazo ya wazazi wao. Jibu la serikali lilithibitisha malalamiko. Patočka, mzee wa karibu miaka 70, alihojiwa na polisi kwa saa nyingi hadi akalazwa, akafariki Machi 1977. Waliosaini walifukuzwa kazi. Na kwa kuwa kukaa bila ajira lilikuwa kosa la jinai, lililoitwa kwa neno lenye maana ya ukupe, maprofesa na waandishi wa habari walilazimika kuchukua kazi yoyote waliyoachiwa: kusafisha madirisha, kulinda usiku, kuchochea makaa kwenye matanuri ya kupashia majengo joto. Mwanahabari Jiří Dienstbier alitoka kwenye kazi hiyo ya makaa kwenda kuwa waziri wa mambo ya nje Desemba 1989.

Watoto wao walijikuta wakijaza fomu zinazouliza kazi ya baba. Andika ukweli, mchochea makaa, na kila mwalimu anajua maana yake, kwa sababu mwaka juzi alikuwa mhadhiri.

Mateso haya hayakuacha alama mwilini, na ndiyo sababu watu wengi huyakataa wanapoyasikia. Wanauliza: mbona hawakuuawa? Ni kweli, katika miaka ya 1970 kunyongwa kwa sababu za kisiasa kulikuwa kumepita. Polisi wa siri, waliojulikana kwa kifupi kama StB, walikuwa wamegundua kitu rahisi zaidi. Mtu mzima anayejiandaa kufungwa hana woga wa kutosha. Mguse mwanawe.

Mtoto wa nyoka

Sisi tuna methali isemayo mtoto wa nyoka ni nyoka. Huwa tunaitumia bila kufikiri, mara nyingi kwa kumtania kijana aliyerithi ujanja wa baba yake. Ichukue methali hiyo, ipe wizara, wape makarani mihuri, na utakuwa umeelewa mantiki ya mfumo mzima. Adui aliitwa adui wa tabaka, na tabaka hurithiwa.

Chanzo chake ni Muungano wa Kisovieti. Desemba 1935 Stalin alitamka kwamba mtoto hawajibiki kwa ajili ya baba yake, maneno yaliyowapa watu wengi matumaini. Tarehe 15 Agosti 1937 polisi wake wa siri walitoa Amri namba 00486. Iliagiza wake za waliohukumiwa kama wasaliti wafungwe kambini miaka 5 hadi 8, bila wao kushtakiwa kosa lolote la kwao. Watoto wadogo wapelekwe vituo vya yatima. Waliozidi miaka 15 wakionekana hatari kwa jamii wapelekwe kambini nao. Karibu na Akmolinsk, katika Kazakhstan ya leo, kulikuwa na kambi nzima ya wake hao.

Albania ya Enver Hoxha iliendeleza jambo hilo kwa utaratibu wa kutisha. Huko neno lililotawala maisha lilikuwa wasifu. Mtu alikuwa na wasifu mzuri au wasifu mbaya, na wasifu ulitoka kwa babu, kwa mjomba aliyetorokea Italia, kwa shangazi aliyeolewa vibaya. Familia za waliofungwa au waliotoroka zilihamishiwa vijiji vya uhamishoni kama Savër na Gradishtë, karibu na mji wa Lushnja, zikahesabiwa kwa kuitwa majina kama wanafunzi wa bweni, na kuzuiwa kuondoka. Muda wa adhabu ukiisha uliweza kuongezwa. Watoto walizaliwa humo, wakakulia humo, wakaoana humo, maana nani wa nje angemtaka binti mwenye wasifu mbaya na kuuambukiza ukoo wake mzima? Mlango huo ulifunguka utawala ulipoanguka, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hiyo mtu akikuambia "chini ya ukomunisti ilikuwa hivi", muulize wapi na lini. Urusi ya 1937, Albania ya 1975 na Chekoslovakia ya 1980 hazikuwa kitu kimoja. Kwanza risasi na kambi, kisha uhamisho, kisha karatasi. Kilichobaki kilekile ni imani kwamba damu inabeba hatia. Korea Kaskazini bado inapanga raia wake kwa asili ya ukoo hadi leo, katika makundi ya waaminifu, wanaoyumba na maadui.

Havel mwenyewe alikuwa mtoto wa namna hii muda mrefu kabla ya kuwa mpinzani. Alizaliwa 1936 katika familia tajiri ya Prague. Wakomunisti walipochukua nchi mwaka 1948, utajiri wa zamani wa wazazi ukawa doa lake. Sekondari ya kawaida ilifungwa kwake. Mchana alifanya kazi kwenye maabara ya kemia, jioni akaenda shule ya usiku, na alipomaliza mwaka 1954 vyuo vya fani alizozitaka vilimkataa. Mwaka 1989 kijana huyo aliyekataliwa akawa rais wa nchi. Nikisoma habari zake najiuliza ni wapinzani wangapi walitengenezwa na makarani wa shule.

Nyumba yenye lugha mbili

Watu hudhani kukulia katika familia ya mpinzani ni kukulia kilioni. Waliopitia husimulia jambo gumu zaidi kueleza. Nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa na furaha kuliko za majirani.

Chukua nyumba ya Dana Němcová katika mtaa wa Ječná, Prague. Alikuwa mwanasaikolojia na mama wa watoto 7. Mlango wake haukufungwa: wanamuziki waliopigwa marufuku, Wakristo, wanafunzi waliofukuzwa, wote walikula mezani kwake. Oktoba 1979 alipandishwa kizimbani pamoja na Havel, mwanafalsafa Mkatoliki Václav Benda na wengine, kwa kosa la kutetea watu walioshitakiwa kwa uonevu. Yeye alipewa kifungo cha nje cha miaka 2. Benda, baba wa watoto 6, alifungwa miaka 4 kamili. Mkewe Kamila, mwanahisabati, amesimulia jinsi alivyoendelea kuwasomea watoto vitabu kwa sauti kila siku, baba akiwa gerezani na polisi wakiizunguka nyumba. Nyumba za namna hii ziligeuka vyuo. Maprofesa waliofukuzwa walifundisha falsafa sebuleni, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanafalsafa kutoka Uingereza na Ufaransa waliingia kama watalii kuja kufundisha vyumbani humo. Mmoja wao, Mfaransa Jacques Derrida, alikamatwa Desemba 1981 baada ya polisi kumtilia dawa za kulevya kwenye mizigo.

Kwa hiyo mtoto aliyenyimwa sekondari angeweza kusikiliza nyumbani kwao mhadhara ambao chuo kikuu cha taifa hakikuthubutu kuutoa. Vitabu alivyovisoma vilipigwa chapa kwa mashine ya taipu, karatasi nyembamba 10 au zaidi kwa mkupuo zikiwa na kaboni katikati, na nakala ya chini kabisa ilisomeka kwa shida kama maandishi ya kwenye ukungu.

Bei ya furaha hiyo ilikuwa ulimi. Mtoto alijifunza lugha mbili mapema kuliko hesabu za kugawanya. Ya nyumbani ilitaja watu kwa majina na vitu kwa ukweli wake. Ya shuleni iliimba nyimbo za chama. Hakuruhusiwa kuchanganya. Redio gani inasikilizwa nyumbani usiku, nani alilala kwao jana, baba aliandika nini, hayo hayakutoka nje ya mlango. Watu waliokulia Ujerumani Mashariki husimulia sana jinsi mwalimu alivyouliza watoto wadogo, kama mchezo tu, saa inayoonyeshwa kwenye televisheni ya kwenu kabla ya taarifa ya habari ina nukta au vistari. Saa ya televisheni ya Magharibi ilitofautiana na ya Mashariki. Mtoto alichora alichokiona, na kwa mchoro huo amewashtaki wazazi wake.

Fikiria mzigo huo begani mwa mtoto wa miaka 6. Sisi tunawaambia watoto wasiseme uongo. Mzazi huyu alilazimika kumfundisha mwanawe wakati wa kunyamaza, na bado amlee awe mkweli. Sijui kazi ya ulezi iliyo ngumu kuliko hiyo.

Kikulacho

Ujerumani Mashariki polisi wa siri waliitwa Stasi. Mwaka 1989 walikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, na nje ya hao watoa habari wa siri karibu 180,000, katika nchi ya watu milioni 16. Watoa habari hao walikuwa jirani, mwalimu, kocha, mchungaji, daktari.

Mwaka 1976 Stasi walipitisha mwongozo wa mbinu waliyoiita kwa neno lenye maana ya kuozesha, kama tunda linavyooza kutoka ndani. Badala ya kumkamata mkosoaji na kumfanya shujaa, unayavuruga maisha yake polepole. Unasambaza uvumi kwamba ana hawara. Unahakikisha anashindwa kazini. Unawafanya rafiki zake wamshuku kuwa yeye ndiye mpashaji habari. Ndoa ikivunjika, watoto wakichanganyikiwa, kazi imefanyika, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba serikali iligusa mtu.

Mafaili yalipofunguliwa kwa wahusika mwaka 1992, mwanaharakati Vera Lengsfeld alikuta kwamba aliyekuwa akitoa habari zake kwa jina la siri la Donald ni mumewe, baba wa wanawe. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema. Kwa watoto wa nyumba kama hiyo, nguo yenyewe ni baba.

Na kuna ukatili mmoja nashindwa kuupita. Novemba 1952, Chekoslovakia iliwashitaki viongozi 14 wa chama chenyewe, akiwamo aliyekuwa katibu mkuu Rudolf Slánský, kwa mashtaka ya kubuni. Wengi wao walikuwa Wayahudi. Kijana wa miaka 16, mtoto wa mmoja wa washitakiwa, aliandika barua akidai baba yake apewe adhabu ya kifo, na gazeti la chama, Rudé právo, likaichapisha. Baba alinyongwa Desemba. Watu wengine humtaja kijana huyo kama mfano wa usaliti. Mimi naona mtoto aliyefundishwa na shule, redio na gazeti kwa pamoja kwamba kumpenda baba ni uhalifu. Kumlaumu yeye ni kuwasahau waliomshikisha kalamu.

Swali la mtoto

Sasa tufike kwenye swali ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili huliuliza kwanza, kwa sababu kwetu mtu ni familia kabla ya kuwa kitu kingine. Mzazi gani anajua mwanawe atanyimwa shule na bado anasaini? Si ubinafsi huo?

Wao wenyewe walijiuliza, na hawakuwa na jibu moja. Familia kadhaa zilikubaliana asaini mmoja tu, baba au mama, ili wa pili abaki na kazi na kuwalea watoto. Wengine walisubiri watoto wakue. Wengine walinyamaza kabisa kwa ajili ya wanao, na sitawaita waoga. Kumtoa mtoto salama katika nchi ile lilikuwa jambo la kutosha kujaza maisha ya mtu. Wengine waliondoka, hasa baada ya StB kuanzisha kampeni ya kuwasumbua waliosaini hadi wakubali kwenda uhamishoni. Kuna familia zilizoingia zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Jaroslav Šabata, binti yake Anna na wanawe wawili wa kiume walifungwa. Anna Šabatová baadaye alisaini Mkataba wa 77, akaolewa na mfungwa mwingine wa kisiasa, Petr Uhl, na mwaka 2014 akawa mtetezi wa haki za umma wa Jamhuri ya Cheki.

Lakini angalia swali lenyewe lilivyokaa. Tunamuuliza mzazi kwa nini alimhatarisha mwanawe kwa kusema ukweli. Hatumuulizi karani kwa nini alimnyima mtoto shule. Serikali ile ilitaka hasa tuulize hivyo, na ilitaka mtoto naye aulize hivyo mezani kila jioni: kwa nini mimi sikutosha kuwa sababu ya wewe kunyamaza? Huo ndio ulikuwa mtego. Adhabu ilitoka ofisini, lawama ikaelekezwa nyumbani.

Mtoto mmoja alijibiwa swali hilo, ila jibu lilichelewa.

Mama yake aliitwa Milada Horáková, mwanasheria na mbunge. Alifungwa na Wanazi tangu 1940 hadi vita vilipokwisha. Wakomunisti walipochukua nchi mwaka 1948 alijiuzulu ubunge. Walimkamata Septemba 1949. Mumewe alifanikiwa kutoroka, akavuka mpaka kwenda Ujerumani Magharibi, na binti yao wa pekee, Jana, akabaki kulelewa na mama yake mdogo. Kesi ya Horáková ilitangazwa redioni, na viwanda na shule nchini kote vikahimizwa kutuma maazimio ya kudai adhabu kali. Albert Einstein na Winston Churchill waliomba asamehewe. Alinyongwa katika gereza la Pankrác, Prague, alfajiri ya 27 Juni 1950, mmoja wa watu 248 walionyongwa kwa sababu za kisiasa nchini humo. Majivu yake hayakukabidhiwa kwa familia. Jana alikuwa na miaka 16. Chuo kikuu kilifungwa kwake, na ilimchukua hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 kuruhusiwa kumfuata baba yake nje.

Siku za mwisho, kabla ya kitanzi, Horáková aliwaandikia barua ndugu zake, na moja ndefu akamwandikia binti. Humo alimweleza kwamba hakumwacha kwa sababu ya kumpenda kidogo. Alimpenda kwa moyo uleule ambao mama wengine wanawapenda watoto wao. Ila aliona kwamba kazi yake duniani ni kumtendea wema kwa kuhangaika ili maisha yawe bora, na watoto wote waweze kuishi vizuri.

Magereza hayakuituma barua. Waliiweka kwenye faili. Utawala ulianguka Novemba 1989, na familia ikakabidhiwa barua zile mwaka 1990. Jana alikuwa na miaka 56 alipopata kusoma maneno ambayo mama yake alimwandikia akiwa na 16.